Bwawa la Afande

Naguru, Jumapili 6 Aprili 2025

Nimerudi jioni na matope hadi magotini. Afande, rafiki wa marehemu baba tangu tulipokaa kambi ya polisi hapa Naguru, alitaka nikauone mradi wake wa uzeeni: bwawa alilolizungushia vibanda vya muchomo, yaani nyama choma, kule upande wa Gayaza. Pazuri kweli. Kuna mashua mbili, bembea, na upepo ambao jijini huupati.

Tuta ni udongo mtupu uliosukumwa na tingatinga katikati ya bonde. Nilipima kwa hatua: kama mita 90 kwa 60. Kina kikiwa mita moja na nusu kwa wastani, hayo ni maji ya tani 8,000. Juu ya tuta pamesawazishwa ili magari yaegeshwe, na mteremko wake umeoteshwa miti ya kivuli. Kwenye mdomo wa utoro, ule mkondo wa pembeni wa kutolea maji yaliyozidi, umetandazwa wavu ili samaki wake, ngege, wasitoroke.

Nikauliza bomba la chini la kufungulia maji liko wapi.

“Mwanangu, maji haya nimeyagharimia. Niyamwage ya nini?”

Sikumjibu mbele ya wageni wake.

Jumatano 9 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Tangu mafuriko ya hapa jijini ya 26 Machi, kila wingu likitanda juu ya mlima huu nalifikiria lile tuta.

Leo nimesoma tena habari za South Fork, Pennsylvania. Lilikuwa bwawa la udongo lililojengwa na serikali ya jimbo kwa ajili ya mfereji wa mashua za mizigo, baadaye likaangukia mikononi mwa klabu ya matajiri waliopenda kuvua samaki na kupunga upepo. Andrew Carnegie alikuwa mwanachama. Mabomba ya chini yalikuwa yameshang’olewa na kuuzwa kama chuma chakavu. Klabu haikuyarudisha. Kilele cha tuta kilipunguzwa ili magari ya farasi yapite vizuri. Kwenye utoro wakaweka vyuma vya kuzuia samaki wasitoke. Tarehe 31 Mei 1889 mvua kubwa ilinyesha, takataka zikanasa kwenye vyuma hivyo, maji yakapanda juu ya tuta na kulila. Katika mji wa Johnstown na bonde lake walikufa watu 2,209.

Kilichonishika ni kwamba kila walichofanya kilikuwa cha kuongeza raha. Mkulima mwenye bwawa la kunyweshea hulishusha maji kila kiangazi, na likishuka huona nyufa. Bwawa la starehe hutakiwa lijae mwaka mzima, maana mgeni hapigi picha ya matope. Kwa hiyo tuta halipumziki, wala halikaguliwi upande wa ndani. Na kila pambo linaloongezwa, mti, wavu, mahali pa viti, huondoa kitu ambacho fundi mwangalifu angekiacha.

Jumamosi 19 Aprili

Kesho Pasaka, na kwa Afande watu wamejaa. Watoto walipanda mashua bila jaketi la kuokolea hata moja. Uganda tulishazika watu zaidi ya 30 wa MV Templar, Novemba 2018, chombo cha starehe kilichozama Ziwa Victoria upande wa Mukono kikiwa hakina leseni. Bwawa halina mawimbi ya ziwa, lakini mtoto asiyejua kuogelea hahitaji mawimbi. Nilimwambia mwenye mashua asiondoke tena mpaka jaketi zipatikane. Alinuna, akatii.

Kisha nikashuka nyuma ya tuta, mahali ambapo mgeni hafiki. Pale mguuni pana unyevu, na maji yanachuruzika membamba. Nilikinga kwenye chupa ya kioo nikaitazama juani: maji safi. Hilo ni afadhali. Tuta la udongo huvuja kidogo kwa kawaida. Maji yakitoka na rangi ya chai ya maziwa, ujue yanabeba udongo wa ndani, yanajichimbia mfereji kutoka nje kuelekea bwawani, na huenda saa zilizobaki ni chache. Mizizi iliyooza huyafungulia njia, mashimo ya fuko pia. Kuna kichuguu kikubwa kando ya mti wa tatu. Mchwa nao huchimba.

Chini zaidi, hatua chache tu, wapo wafyatua matofali, na mama mmoja analima magimbi pembeni ya mafunjo. Nikamuuliza bwawa ni la nani. Hajui. Amezoea kusikia muziki tu.

Ijumaa 9 Mei

Leo miaka saba tangu Solai, kaunti ya Nakuru. Usiku wa 9 Mei 2018 bwawa la udongo la shamba la mtu binafsi, lililokaa juu ya mlima, lilipasuka baada ya mvua za wiki nyingi. Walikufa watu zaidi ya 40, wengi wao wanawake na watoto. Baadaye mamlaka ya maji ya Kenya ilisema mabwawa ya shamba lile hayakuwa na kibali. Waliokuwa chini hawakuwahi kuulizwa neno.

Nikamwendea Afande nyumbani, nikamweleza habari za Solai na pia za Mai Mahiu, huko huko Kenya, Aprili 2024: pale hapakuwa na bwawa lolote lililokusudiwa, ni kalavati chini ya tuta la reli lililozibwa na takataka, maji yakajikusanya nyuma yake hadi likaachia. Wavu wa ngege hufanya kazi ileile.

Alisikiliza vizuri, kama alivyokuwa akimsikiliza baba. Wavu ameahidi kuutoa. Magari hayatapanda tena juu ya tuta. Utoro atauchimba upya na kuupanua, kwenye ardhi mama na si kwenye udongo wa kujaza. Amekubali kuomba kibali ambacho Sheria ya Maji inakidai, na kumleta mhandisi. Miti mikubwa nimemsihi asiing’oe mwenyewe, maana shina likitoka na mizizi yake huacha shimo, mhandisi ataamua.

Tumekwama kwenye kushusha maji. Nataka yapungue mita moja sasa, kwa mipira ya kunyonya, mpaka mhandisi aje. Yeye ana kwanjula, sherehe ya binti yake ya kumtambulisha mchumba, mwezi Juni, na bwawa analitaka limejaa.

“Nipe mpaka Juni.”

“Mzee, mvua haijui tarehe ya kwanjula.”

Akanyamaza. Nimemwambia Jumatatu nakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji (LC1) wa kule chini, kisha kwa wafyatua matofali na yule mama wa magimbi, wapate namba ya simu ya mlinzi wa bwawa na waelewe maana ya maji machafu mguuni mwa tuta. Hakunikataza. Ameniuliza kama nitahitaji gari.