Mnazi wa Mama, Mtende wa Kaka

Ukipanda mnazi mrefu leo, usifanye haraka ya kununua mbuzi ya kukunia. Utangoja miaka 6 au 7, na penye mchanga hafifu hata 10, kabla ya kuona karara la kwanza likipasuka. Ukipanda mnazi mfupi, ule wa kitamli, utakunywa madafu baada ya miaka 3 au 4 tu, tena utayaangua ukiwa umesimama chini. Hayo kila mtu hapa Likoni anayajua, na ndiyo sababu majirani zetu wa Timbwani walistaajabu mama yangu, mwanamke wa miaka 71, alipokataa kitamli akachagua mnazi mrefu.

"Bi mkubwa, huo utaula lini?" aliuliza mmoja wao.

Mama alijibu kwamba kitamli ni mti wa kunywa, naye anataka mti wa nyumba. Hakukosea. Mnazi mrefu ndio wenye nazi za nyama nene na tui zito, ndio wenye makuti ya kuezekea, na huishi miaka 60 na zaidi. Almuradi aliupanda kwa kuwahesabu watu ambao yeye mwenyewe hatawaona.

Lakini si umri wake ulionitia wasiwasi. Ni kiwanja.

Huenda wewe unayesoma haya ukiwa bara hujapata kusikia habari ya nyumba bila ardhi. Hapa Mombasa, hasa Likoni, Kisauni na Changamwe, ni jambo la kawaida. Kuta ni zako, paa ni lako, mlango unaufunga kwa ufunguo wako, bali udongo ulio chini ya kitanda chako ni wa mtu mwingine, nawe unamlipa kodi ya kiwanja. Sheria ya Kiingereza husema kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Desturi ya pwani tangu zamani imetenganisha: ardhi mbali, nyumba mbali, na mti mbali. Miongoni mwa Wagiriama minazi iliuzwa na kuwekwa rehani mbele ya wazee, na mashahidi hao ndio waliokuwa hati. Mtaalamu mmoja wa Kiingereza, David Parkin, aliandika kitabu kizima juu ya mambo hayo mwaka 1972.

Kwa hiyo mwenye ardhi wa pwani haogopi mchicha wala kunde zako. Huogopa mnazi. Mti wa kudumu ni ushahidi kwamba ulikuwapo, na siku ya fidia miti huhesabiwa. Wenye viwanja wengi hukuruhusu kujenga lakini hawakuruhusu kupanda.

Sasa hebu tuvuke bahari kidogo. Kaka yangu mkubwa anaishi Leicester, Uingereza, na hajaja nyumbani miaka 9. Nyuma ya nyumba yake, ambayo anailipia benki kila mwezi, amepanda mtende. Usicheke. Uko mtende unaostahimili baridi, asili yake milima ya Uchina, majani yake kama kipepeo cha kupepea moto, ukiutazama utadhani ni jamaa ya mkoma wetu. Shina lake limevaa nyuzi kama sufi, na Wachina walizitumia kwa kamba, mifagio, hata mavazi ya kuzuia mvua. Mskoti aitwaye Robert Fortune aliupeleka Uingereza katika karne ya 19, na jina lake ndilo linalobebwa na mti huo katika vitabu vya mimea. Huvumilia nyuzi 10 chini ya sifuri. Kaka ametuletea picha yake ukiwa umefunikwa theluji, na mama aliitazama picha ile kwa muda mrefu, kisha akasema, "Maskini."

Kaka alitaka kututumia mbegu tuotesheye Timbwani. Nilimkataza. Mti ule umezoea usiku wa baridi, na joto letu la Januari, mchana na usiku, hudhoofisha miti ya namna hiyo. Vivyo hivyo mnazi ukiupeleka Limuru utaduwaa, majani yawe manjano, na mwisho ufe.

Lakini katika polepole yao miti hii miwili ni ndugu. Mwembe ukikatwa tawi hutoa jingine. Mnazi na mitende mingi ina chipukizi moja tu, juu kabisa katikati ya makuti, ndiyo tuitayo moyo. Ukiharibika moyo, mti umekufa hata kama unasimama. Tena shina la mnazi halinenepi mwaka hadi mwaka kama la mwarobaini. Ni lazima kitako kipanuke kwanza hapo chini, kifikie unene wake, ndipo shina lianze kupanda. Miaka 4 au 5 huoni shina lolote, unaona makuti tu yanayotoka ardhini, na mtu asiyejua atadhani mti umelala.

Katika miaka hiyo ndipo adui mkubwa huja. Chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe, huingia usiku na kuchimba moyo. Dalili yake ni makuti yaliyokatwa pembetatu kama kwa mkasi. Mama hukagua kila asubuhi, akiona tundu humtoa kwa waya uliopindwa ncha kama ndoana, kisha hutia mchanga na majivu kwenye makwapa ya makuti. Nawe kama una rundo la samadi au gogo la mnazi linalooza karibu na mche, liondoe, kwani humo ndimo anamozaliana.

Mche wenyewe ulikuwa na mwaka mmoja na nusu alipokuja msimamizi wa mwenye kiwanja kuchukua kodi. Aliuona. Aliongea kwa adabu, sina neno naye, lakini alisema mti ung'olewe kabla ya mwezi kwisha. Mama alimkaribisha chai, akamwita mzee wa mtaa, na wakakaa barazani mpaka alasiri.

Yakatoka maneno haya, nayo yaliandikwa kwenye karatasi: mnazi ni wa mama maadamu nyumba ipo, atakula nazi zake na makuti yake, lakini mwenye kiwanja akiitaka ardhi yake hatadaiwa hata senti moja kwa ajili ya mti huo.

Mimi nilipinga, na hata leo napinga. Katika mitaa yetu watu wamebomolewa wakaondoka na mabati tu, na mtu mnyonge akiwa na haki moja ndogo haifai aitie sahihi iondoke. Kaka naye alipiga simu akiwa mkali kuliko mimi, akitaka mama auze nyumba akahamie kwenye kiwanja chenye hati. Yeye ana hati, tena Uingereza, pahali ambapo nazi haioti. Mama alitusikiliza wote wawili. Akasema hakupanda fidia, alipanda mnazi, akachukua kalamu.

Mche sasa uko katika mwaka wake wa 4. Makuti yameanza kuchanika kama ya mti mzima, shina bado. Kila Ijumaa mama huupima kwa shibiri na kaka hupima wake kwa sentimita, nami ndiye mkalimani wao katika simu, maana hakuna anayekubali kipimo cha mwenzake. Ijumaa iliyopita alinituma nimwulize kaka kama mtende wake hutiwa majivu. Kaka alijibu kwamba kule wanapikia gesi, majivu atayapata wapi? Jioni nilimkuta mama jikoni amechutama, anachekecha majivu ya makaa ndani ya kopo la maziwa ya unga, akiniuliza ni nani nimjuaye anayesafiri Uingereza mwezi huu.