Kilichoganda Hakitaki Nguvu



Tunaomba ruhusa yenu, wasomaji wapenzi, tusimulie jambo la gereji, ingawa umri wetu tumeumaliza kwa chaki wala si kwa spana.

Rafiki yetu mmoja hapa Uingereza alipofariki dunia aliacha mjane, watoto, deni, na gari kuukuu la Morris Minor lililokaa bandani miaka minane bila ya kuwashwa. Magari hayo yalianza kuuzwa mwaka 1948, na wengi wa rika letu tunayakumbuka katika barabara za Mombasa na Unguja. Ndiyo sababu marehemu akalipenda lake. Sheria yetu inajulikana: mirathi haigawanywi mpaka deni lilipwe. Mnunuzi alipatikana, kwa sharti kwamba gari liwake. Shemeji akatukabidhi ufunguo mbele ya mwanawe, akasema, "Mwalimu, hii ni amana."

Tuliujua ugonjwa ulipo. Petroli ikikaa muda mrefu huvukiza, ikaacha utando unaonata kama gundi. Kabureta ya gari hilo, ya aina ya SU, ina pistoni inayopanda na kushuka ndani ya kofia mfano wa kengele, na chini yake imo sindano inayoingia katika tundu la petroli. Pistoni ikiganda, injini haipati kipimo chake cha petroli na hewa.

Siku ya kwanza tulifanya haraka. Kifuniko cha bakuli la boya kiling'ang'ania gasketi yake. Tukakichokoa kwa bisibisi, kikapasuka. Ufa wenyewe ulikuwa mwembamba kama unywele, na shetani akatunong'oneza kwamba gundi kidogo ingeuficha, asijue shemeji wala mnunuzi. Usiku ule usingizi haukutujia. Kulipopambazuka tulikwenda kuungama.

Shemeji alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, gari limelala miaka minane. Likilala wiki moja zaidi litadhurika nini? Wewe ndiye uliyekuwa ukitwambia watoto hawafundishwi kwa kukimbizwa."

Tukanunua kifuniko kingine kwa fedha zetu. Alikataa, tukamjibu kwamba aliyeharibu amana kwa uzembe wake hana budi kuilipa.

Mara ya pili tuliingia kazini kwa adabu. Tulimwaga petroli yote nje, mbali na moto, tukavaa glavu. Kabla ya kufungua kofia, tulitia alama juu yake na juu ya kiwiliwili, ili irudi palepale ilipokuwa. Kofia na pistoni yake ni pacha, na haifai kuchanganywa na za kabureta nyingine. Skrubu zilizoshika kutu tulizitia mafuta ya kulegeza, tukaziacha usiku kucha. Asubuhi tulichagua bisibisi iliyojaa sawasawa katika mfereo wa skrubu, tukazikaza kidogo, kisha tukazilegeza, mbele na nyuma, mpaka zikakubali. Moja ilikataa. Kiwiliwili kilipokwisha kukauka petroli, tulikimiminia maji ya moto. Alumini hutanuka kuliko chuma, na skrubu ile ikageuka kwa mkono mwepesi.

Pistoni tuliilowesha katika dawa ya kusafishia kabureta, tukaifuta kwa kitambaa laini. Msasa hatukuugusa, kwa kuwa mkwaruzo mmoja huharibu nafasi iliyopimwa kiwandani. Wala hatukupitisha waya katika tundu la petroli, kwa kuwa tundu likipanuka kipimo hupotea. Sehemu za mpira tuliziweka kando, maana dawa ile huzila.

Tulipounganisha tena, tuliinyanyua pistoni kwa kidole tukaiachia. Ilishuka yenyewe, ikagonga chini: ta! Mtoto wa marehemu, aliyekuwa akitushikia taa, alitaka airudie mwenyewe, akairudia mara tatu. Kisha tukatia oili nyepesi katika kijiti cha juu, tukafunga. Baada ya majaribio kadhaa injini iliwaka. Shemeji alitoka mlangoni, akasimama akisikiliza, hakusema neno. Mlio ule aliujua kabla yetu sisi.

Mnunuzi tulimweleza kila kitu, pamoja na kifuniko kilichobadilishwa. Hakupunguza bei. Deni lote lililipwa, na kilichobaki kikagawanywa kwa haki.

Ndugu zetu, tulifundisha miaka mingi, na mara ngapi tuliwachokoa wanafunzi kwa bisibisi, tukashangaa walipopasuka! Kilichoganda kwa miaka hakilegei kwa saa moja. Kina haki ya muda, ya uvuguvugu, na ya mkono unaojua kusita.

Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu, na atujaalie sote kuzilinda amana zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.