Krismasi ya Waru

Leo nataka kuongea na nyinyi watu wa Nakuru mnaosoma Kijerumani mkijipanga kuja Ujerumani. Tangu nchi hizi mbili zitie saini mkataba wa kazi Septemba 2024, naulizwa kila siku kuhusu viza, mshahara na baridi. Hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu Krismasi, na hiyo ndiyo inaweza kukumaliza.

Kwetu Krismasi ni kelele. Nauli ya kwenda kwa shosho Molo inapanda, mbuzi anachinjwa, chapo zinajaa beseni, na mtoto wa jirani akiingia anapewa sahani bila kuulizwa ametumwa na nani.

Huku Leipzig, ninakosomea uuguzi, Desemba inaanza poa sana. Kila Jumapili kwa zile nne za kabla ya Krismasi, watu wanawasha mshumaa mmoja zaidi. Usiku wa tarehe 5 watoto wanaweka viatu mlangoni, na asubuhi wanakuta peremende kutoka kwa Mtakatifu Nikolaus. Mjini kuna soko la Krismasi, watu wamesimama kwa baridi wakinywa mvinyo uliopashwa moto. Ukiona hayo yote unasema tarehe 25 itakuwa balaa.

Kumbe siku yenyewe ni tarehe 24 jioni. Maduka yanafungwa saa nane mchana, na kwa kawaida hayafunguliwi tena mpaka tarehe 27. Barabara zinanyamaza. Kila familia inajifungia na watu wake, wanafungua zawadi, na nyumba nyingi zinakula nini? Saladi ya viazi na soseji. Yaani mimi niliyelelewa kwa waru za Molo, nimepanda ndege kuja kukuta waru ndiyo chakula cha Krismasi! Mum alicheka kwa simu mpaka akakohoa.

Lakini ukiwa peke yako chumbani jioni hiyo, na kwa simu unasikia muziki na watoto wakipiga kelele nyumbani, ni rahisi kuamini hakuna anayekutaka hapa. Nawajua wenzangu waliolia usiku huo. Wanasema Wajerumani wana roho ngumu.

Mimi sikubali. Wiki mbili kabla, nilimuuliza mama mmoja ninayefanya kazi naye, "Tarehe 24 nyinyi hufanya nini?" Akanieleza, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Njoo kwetu." Baadaye aliniambia hakunialika mapema kwa sababu aliogopa ningeona nimelazimishwa. Kwake, kutoingilia mipango yangu ilikuwa ni heshima. Kwetu, jirani akinyamaza hivyo Krismasi tungesema anatudharau.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya: anayefundisha Kijerumani afundishe pia Desemba. Na wewe unayekuja, usingoje kualikwa. Uliza mapema, nunua chakula kabla maduka hayajafungwa, na ukialikwa usiende mikono mitupu. Mimi nilibeba chapo kumi, na ziliisha kabla ya ile saladi.

Na nyinyi mlio nyumbani: jioni ya tarehe 24, kabla hamjauliza kama pesa imetumwa, muulizeni kwanza ameshinda na nani.