Shanga za Watoto wa Sungir

Katika nchi ya Urusi, karibu na mji wa Vladimir, pana mahali paitwapo Sungir. Hapo, mwaka 1969, wataalamu wa mambo ya kale walifukua kaburi la watoto wawili waliozikwa yapata miaka 34,000 iliyopita, vichwa vyao vikielekeana. Walikuwa na shanga zaidi ya 10,000 za pembe za ndovu wa zamani zile, pamoja na mikuki ya pembe hizo hizo, mrefu wao ukipita mita 2. Waliojaribu kuchonga ushanga wa namna hiyo wakadiria kuwa mmoja huchukua kama saa nzima.

Wapo wasemao kuwa hawa walikuwa wana wa wakubwa, kwani mtoto hajachuma heshima kwa kuwinda wala kuongoza. Basi amezaliwa nayo. Hoja hii ina nguvu, lakini hatuikubali yote. Maiti hajivishi. Sisi tuzikao kwa sanda tu, tajiri na maskini, mfukuaji wa kesho atasema hatukuwa na matajiri? Kilichomo kaburini ni kazi ya walio hai, nacho chaweza kueleza cheo, chaweza pia kueleza uchungu. Mmoja wa watoto wale alikuwa na mifupa ya mapaja iliyopinda. Bila shaka mwendo wake ulionekana na wote.

Tena shanga zao ni ndogo kuliko za mtu mzima aliyezikwa hapo hapo Sungir. Twaona zilichongwa kwa kipimo cha watoto.