Vipepeo Weupe wa Kitengela

Mvua ikishanyesha vizuri, kuna siku sisi wakazi wa Kitengela huamka na kukuta vipepeo weupe wametanda hewani. Hupita wengi ajabu, wote wakielekea upande mmoja, wakivuka nyua na barabara ya Namanga bila kusita. Watoto huwakimbiza; madereva huwapangusa kwenye vioo vya magari.

"Baba, wanaenda wapi?" binti yangu aliniuliza. Nilimweleza kwamba hawa si vipepeo wa msitu wa mvua kama wale wa Kakamega. Ni wa nyika kavu, na jina lao la kitaalamu ni Belenois aurota. Jike hutaga mayai kwenye vichaka vya jamii moja, kama vile Maerua na Boscia, kwani ndiyo majani wanayokula viwavi wake. Wakizidi kuwa wengi na chakula kikapungua, vipepeo huhama.

Nasi tukinunua ploti, kuanzia hapa hadi Kajiado mjini, kazi ya kwanza ni kufyeka kila kichaka.

Kule Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, Mradi wa Kipepeo ulianza mwaka 1993. Wakulima walifuga viwavi, pupa zikauzwa ng'ambo, nao wakaona faida ya msitu kubaki umesimama.

Mimi siuzi kipepeo hata mmoja. Lakini fundi wa ua alipoinua panga, nilimwomba aache kichaka cha Maerua kilichoko pembeni. Alicheka, akapitisha waya kando yake.

Ndugu msomaji, kabla hujafyeka, geuza jani uone. Huenda lina mwenyewe.