Kopo la Tumbako Ndani ya Lupango

KATUBA, LUBUMBASHI. Kopo lenyewe ni dogo, la duara, linaenea kiganjani. Lilifika katika komini ya Katuba mwezi wa sita, wakati baridi ya Lubumbashi inaingia mpaka ndani ya mifupa na watu wanakaa karibu na mbabula mapema jioni. Msafiri aliyetoka Bruxelles alilibeba ndani ya soksi ili lisibonyee njiani. Juu ya kifuniko yaliandikwa maneno mawili ambayo mzee aliyelipokea hakuwahi kuyaona pamoja: Virginia na perique.

Mzee huyo amepita miaka 70. Kwao ni upande wa Mitwaba. Alikimbia mwaka 2013, wakati vikundi vya Mai-Mai vilikuwa vinachoma vijiji katika eneo ambalo watu waliita pembetatu ya kifo, kati ya Manono, Mitwaba na Pweto. Mwanzoni mwa 2014 Umoja wa Mataifa ulihesabu wakimbizi wa ndani karibu 400,000 katika Katanga ya wakati ule. Yeye alikuwa mmoja wao. Alitembea na mke wake, binti yake na wajukuu wawili. Nyuma waliacha mihogo shambani, mbuzi sita, na tumbako ya msimu ule ikining'inia chini ya paa la ghala. Kiko kilikuja naye kwa sababu tu kilikuwa ndani ya mfuko wa koti.

Tangu siku hiyo alivuta tumbako ya soko, ile inayouzwa kwa kipimo cha kifuniko cha chupa. Alikuwa akisema inamaliza hamu bila kuleta raha. Mwipwa wake anayefanya kazi Ubelgiji alisikia malalamiko hayo kwa simu mara nyingi, mwisho akaingia katika duka la tumbako na kununua kopo moja.

Siku ya kwanza mambo yalikwenda vibaya. Mzee alifungua kopo na kukuta vipande vyembamba vilivyoshikamana, vya rangi ya udongo, na vingine vyeusi kabisa. Akavisukuma ndani ya kiko vikiwa bado na unyevu, akakijaza mpaka juu, akavuta kwa nguvu kama alivyozoea kuvuta tumbako ya soko. Baada ya dakika chache ulimi uliwaka moto. Kikaja kwikwi, jasho likamtoka usoni ingawa baridi ilikuwa kali, na lupango yote ikaanza kuzunguka. Binti yake alimlaza juu ya mkeka na kumpa maji yenye sukari.

"Baba, hiki kitu kimetoka mbali kuja kukuua?" aliuliza.

Wajukuu walicheka. Mzee hakucheka. Jioni alimpigia mwipwa wake, na sauti yake haikuwa ya kushukuru.

"Mjomba, ulivuta mbio," mwipwa alijibu. "Mwenye duka aliniambia hii wanaivuta polepole, kiko nusu. Nilisahau kukuambia." Halafu akamweleza yale aliyoyasikia dukani.

Virginia ni jani la rangi ya dhahabu. Halilimwi Marekani peke yake. Wakulima wa Zambia wanalilima ng'ambo ya Kasumbalesa, na wa Tanzania upande wa Tabora na Urambo. Baada ya kuvunwa linatundikwa ndani ya nyumba maalumu, na joto la moto linapitishwa kwenye mabomba bila moshi kuligusa. Kwa siku chache linakauka, na sukari yake inabaki ndani. Ndiyo maana ni tamu, lakini ukilivuta mbio linaunguza ulimi.

Perique ina safari nyingine. Inatoka katika wilaya ya St. James, jimbo la Louisiana, karibu na mto Mississippi. Inasemekana mkulima mmoja, Pierre Chenet, ndiye aliyeanza kuitengeneza kwa biashara mwaka 1824, baada ya kujifunza kwa Wachoctaw, wenyeji wa nchi ile. Jani linakaushwa kidogo, linaloweshwa tena, mshipa wa katikati unaondolewa, kisha majani yanasokotwa kuwa vifungu. Vifungu vinapangwa ndani ya pipa la mbao lililowahi kubeba wiski, na kushindiliwa kwa jeki mpaka jani litoe maji yake. Linakaa ndani ya maji hayo mwaka mmoja au zaidi. Mara chache pipa linafunguliwa, majani yanageuzwa yapate hewa, halafu yanashindiliwa tena. Mwishowe yanatoka meusi, na harufu yake ni ya matunda yaliyochacha. Ni kali mno kuvutwa peke yake. Watu wanaichanganya kidogo tu na Virginia, kama pilipili katika sombe.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, jambo ambalo kwake ni nadra.

Jumapili iliyofuata alijaribu tena. Alichambua vipande viwili kwa vidole, akavianika juu ya karatasi kwenye jua kwa nusu saa. Alikula bukari kwanza, maana alikwisha kujua tumbako hii haitaki tumbo tupu. Akajaza kiko nusu, akakaa chini ya mwembe, mbali na mlango. Alivuta kidogo, akangoja, akavuta tena. Mwanzo alipata ladha ya nyasi kavu na asali. Baadaye ikaja pilipili, si ulimini bali juu ya pua. Na chini ya pilipili ikaja harufu nyingine, chachu na nzito, ya kitu kilichofungwa siku nyingi gizani.

Hapo alikitoa kiko mdomoni na kukitazama.

Kwao, baba yake hakukausha tumbako yote. Sehemu moja aliitwanga ingali mbichi ndani ya kinu, akaifinyanga kuwa mabonge, akayafunga kwa majani na kuyaweka juu ya dari mpaka yapate joto yenyewe na kuchacha. Mtoto aliyetumwa kwenda kushusha bonge moja alikutana na harufu hiyo kabla hajafika juu ya ngazi. Mzee alikuwa ndiye mtoto huyo. Hakuwa ameisikia tangu baba yake alipokufa, zaidi ya miaka 40 iliyopita, na sasa ilikuwa imerudi ndani ya kopo la dukani, imetengenezwa na watu ambao hawajui kama Mitwaba ipo.

"Wale nao wanafinya jani mpaka linachacha," alimwambia binti yake. "Sawasawa na baba."

Binti alifurahi kumwona ametulia, lakini hakuacha kusema lake. Mjukuu mdogo ana kifua, na familia yote inalala ndani ya vyumba viwili vya kupanga. Munganga wa kituo cha afya alikwisha kumwonya mzee mara mbili: kikohozi chake kinatokana na kiko, na moshi unaoingia chumbani unavutwa na watoto pia. Alimkataza vilevile kuwapa wenzake kiko kimoja mdomo kwa mdomo, kwa sababu kifua kikuu kinapita kirahisi kati ya watu wanaokaa hivyo karibu karibu. Maneno hayo si ya kutisha watu bure. Shirika la Afya Duniani linasema tumbako inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na kuitia katika kiko badala ya sigara hakuondoi sumu yake.

Mzee hakubishana. Alikubali mashariti matatu: si ndani ya nyumba, si mbele ya mtoto mwenye kifua, na si zaidi ya nusu kiko Jumapili. Binti alitaka aache kabisa. Kwa sasa wameishia hapo.

Lakini kazi kubwa ya kopo hilo ilifanywa na mtu ambaye havuti tena.

Katika komini ya Ruashi anaishi mzee mwingine wa kijiji kilekile, mwenzake wa njia ya 2013. Macho yake yamekufa, na mapafu yake pia yana shida. Jumapili moja mjukuu alimleta kwa basi ndogo kusalimia. Walikaa chini ya mwembe, wakaulizana habari za watoto, za bei ya unga, za nani amekufa. Mwenyeji akakumbuka kopo. Hakuwasha kitu. Alifungua kifuniko tu na kulisogeza karibu na uso wa mwenzake.

Mgeni alinusa. Akanyamaza. Akanusa tena.

"Hii iko ghala ya baba yako," alisema. "Ile ya karibu na mwembe mkubwa."

Halafu akaanza. Baada ya ghala, njia inashuka. Kushoto ni shamba la mhunzi. Baada ya mhunzi ni nyumba ya mjane aliyelea watoto wa dada yake. Kisha kisima, kisha kanisa la udongo, kisha mashamba ya ndugu wawili waliogombana kwa ajili ya mpaka mpaka vita ikawakuta. Alitembea kijiji kizima akiwa amekaa juu ya kiti cha plastiki. Mahali aliposahau, mwenyeji alimkumbusha. Mahali walipotofautiana, walibishana kama vijana.

Mjukuu wa kike, mwenye miaka 15, alikuwa anaosha vyombo. Aliondoka kijijini angali mgongoni mwa mama yake, na kwake Mitwaba ilikuwa neno tu la kuandika kwenye fishi ya shule, mahali wanapouliza asili. Aliacha vyombo, akachukua daftari.

"Nkambo, rudieni kuanzia kisima," aliomba. "Na majina yote."

Wakarudia. Jioni ile kurasa tatu zilijaa: majina ya wenye nyumba, mashamba yao, nani anasemekana yuko Likasi, nani alibaki njiani akazikwa bila msalaba. Kwa familia iliyokimbia bila karatasi hata moja ya shamba, daftari hilo si cheti, na mahakama haitalitambua. Lakini siku ya kurudi, kama itafika, kutakuwa na mtu wa chini ya miaka 20 anayejua mpaka wa babu yake unaanzia mti gani.

Jua liliposhuka mgeni aliomba kusindikizwa kituoni. Alisimama, akashika bega la mjukuu wake, akageuka tena kuelekea sauti ya rafiki yake.

"Lifunge vizuri, lisikauke," alisema. "Jumapili ijayo tunavuka mto. Mashamba ya ng'ambo hatujayataja bado."