Tulipolala Njiani Kwenda Tarbaj

Karibu kila familia ya Tarbaj iliyoishi Nairobi miaka ya 1980 ilikuwa na mtu mmoja wa kupanga safari ya likizo, na kwetu alikuwa baba. Wiki kadhaa kabla shule hazijafungwa alikuwa ameshaanza kuulizia. Mto Tana umejaa kiasi gani? Nani ametoka Wajir hivi karibuni? Mchanga wa Modogashe ukoje? Lori la fulani limepakia au bado? Habari hizo alizikusanya ili ajue tutalala wapi. Mchana haukumsumbua sana. Unaendesha, unafika unapofika. Usiku ndio uliokuwa na masharti.

Masharti mengine yalikuwa ya serikali. Mkoa wa Kaskazini Mashariki ulikuwa bado chini ya sheria za hali ya hatari zilizobaki tangu vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, na hazikuondolewa mpaka 1991. Jua likizama, kizuizi kilifungwa, na aliyekutwa hapo alilala hapo. Masharti mengine yalikuwa ya gari lenyewe. Kutoka Nairobi hadi Garissa ni takriban kilomita 370, na kutoka Garissa hadi Wajir ni zaidi ya 300. Kipande hicho cha pili hakikuwa na lami. Land Rover yetu ilichemka kila saa chache, na ilibidi ipumzike kivulini, kama kivuli kilipatikana. Tulibeba mitungi ya maji kwa ajili yetu na mingine kwa ajili ya rejeta, na watoto tulikatazwa kabisa kuichanganya.

Basi mpango wa baba ukawa hivi: usiku wa kwanza Garissa, wa pili Habaswein, wa tatu Wajir, na siku ya nne nyumbani. Kipande cha Wajir hadi Tarbaj ni kifupi kuliko vyote, na tungeweza kukimaliza jioni ile ile. Lakini hakuna aliyeipita Wajir bila kusalimia. Pia ndiko tulikonunua sukari, majani ya chai na unga wa kupeleka kwa ayeyo, bibi yetu, na mama hangekubali kufika kwa mama mkwe wake mikono mitupu na nguo zimejaa vumbi.

Mwezi alioupenda baba ni Agosti, kwa sababu ardhi imekauka. Likizo ndefu ya Desemba ilikuwa na siku nyingi za kukaa, lakini iliangukia mwisho wa mvua za vuli, na udongo mweusi wa kule ukilowa haujali gari wala dereva. Aprili ilikuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo kuna miaka tuliyomwona ayeyo mara moja tu, na likizo nyingine tulizimalizia Nairobi tukisikiliza nani amefika na nani amekwama.

Garissa tulilala kwa shangazi, eddo kama tulivyomwita. Kabla ya kumfikia kulikuwa na daraja la Tana na kizuizi chake, ambapo watu wazima walishuka na vitambulisho mkononi. Mwaka 1989 serikali ilianza kuwahakiki Wasomali wa Kenya na kuwapa kadi za rangi ya waridi, na tangu hapo kushuka huko kukawa kurefu. Baba, aliyekuwa amefanya kazi ofisini Nairobi miaka mingi, alisimama pale akithibitisha kwamba ni Mkenya, na sisi watoto tulimtazama kutoka dirishani. Hakuwahi kulizungumza kwetu. Lakini kwenye mpango wa safari alianza kuondoka Nairobi mapema zaidi, kabla ya alfajiri, ili foleni ya darajani isitukute na giza.

Kwa eddo hakuna aliyelala ndani. Joto la Garissa hukaa ukutani mpaka usiku wa manane, kwa hiyo mikeka ilitandikwa uani, chandarua kikafungwa kwenye miti, na mbu wa mtoni wakafanya kazi yao. Tulikula wali na nyama ya mbuzi kutoka sinia moja, kisha chai ya maziwa ya ngamia. Baada ya Isha wanaume wa mtaa walikuja mmoja mmoja kumjulia hali baba, na hapo ndipo mpango wa kesho uliporekebishwa. Mmoja alisema njia ya Habaswein ina gari lililokwama. Mwingine alisema kuna malori yanaondoka pamoja asubuhi, afadhali tufuatane nayo. Miaka ya 1990 majambazi wa barabarani walipozidi, kufuatana hakukuwa tena jambo la hiari. Magari yalikusanyika, polisi wakatangulia, wengine wakafuata nyuma, na eskoti ikichelewa ulilala ulipo.

Habaswein ndiko ninakokukumbuka zaidi. Ni mji wa vumbi kando ya uwanda wa Lorian, kule ambako mto Ewaso Ng'iro huishia kwenye bwawa. Tulifikia kwa binamu ya baba aliyekuwa na duka dogo. Hakuwa na nafasi ya kutosha hata kwa watoto wake, lakini sijawahi kuona uso ukifurahi vile kwa kuongezewa watu. Mkewe alifungua chombo cha nyirinyiri, ile nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa na kukaangwa na kuhifadhiwa ndani ya samli, ambayo hukaa miezi bila kuharibika, na tukaila na anjera asubuhi. Kwao nilijifunza nasaba yangu. Usiku wa kwanza nilipolala kwao, yule mwenye duka aliniuliza mimi ni nani. Nilipotaja jina langu na la baba akaniambia niendelee. Nikataja la babu, nikanyamaza. Akanikalisha kwenye mkeka, akanipa mababu waliobaki, mmoja baada ya mwingine, na asubuhi akaniuliza tena kabla hatujapanda gari. Nairobi hakuna aliyekuwa na sababu ya kuniuliza hivyo. Tarbaj nako kila mtu alidhani ninajua.

Hakukuwa na simu ya kumwambia ayeyo kwamba tunakuja. Kabla ya simu za mkononi tulitegemea wasafiri waliotutangulia, na baadaye redio za masafa marefu zilizoitwa taar. Uliingia kwenye kibanda, ukangoja zamu, ukapaza sauti, na mji mzima ukasikia shida zako. Ujumbe wetu ulikuwa mfupi: tumetoka, tuko wangapi. Siku ya kufika haikutajwa.

Mwaka 1997 mpango wote ulisombwa. Mvua za El Niño zilianza Oktoba na hazikujua kukoma. Barabara ya Garissa hadi Wajir ilikatika, ngamia na mbuzi wakafa kwa maelfu, na mwisho wa mwaka homa ya Bonde la Ufa ikazuka Garissa, ikaenea kwa mifugo na watu. Baba alikuwa ameenda peke yake kumwona mama yake aliyekuwa mgonjwa, akakwama Modogashe pamoja na madereva wa malori. Alichotusimulia ni njaa ya ajabu: wanyama wamewazunguka, lakini nyama na maziwa mabichi yanaogopwa. Waliishi kwa wali mkavu na chai ya rangi. Tangu mwaka huo gari letu halikutoka Nairobi bila gunia la chakula kikavu, hata kiangazi kikiwa kikali namna gani.

Wakati Tana haipitiki, au habari za njia ya Garissa zikiwa mbaya, baba alichagua njia ya pili: Nanyuki, Isiolo, Garba Tula, kisha Modogashe. Sisi watoto tuliiombea. Nanyuki asubuhi, kabla mawingu hayajapanda, unauona Mlima Kenya na theluji yake, na kilele cha Batian kikiwa juu mita 5,199. Baba alisimamisha gari makusudi. Tulitoka tukitetemeka ndani ya sweta za shule, tukaitazama theluji, nasi tukiwa safarini kuelekea mahali ambapo kiangazi kikizidi watu huomba wingu lolote. Ninajua sasa kwamba huko Ulaya kuna familia zinazoendesha siku mbili tatu, zikilala njiani, ili zifike kwenye theluji na kuteleza juu yake. Sisi tuliitazama kwa dakika chache, tukanywa chai ya thermos, tukaipa mgongo na kushuka kwenye joto.

Usiku wa njia hiyo ulikuwa Isiolo, mji wenye Wasomali wa zamani, wengi wao wa uzao wa askari waliopigania Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia wakapewa makao pale. Mwenyeji wetu hakuwa wa ukoo wetu kabisa. Alikuwa rafiki wa baba tangu ujana wao, na mkewe alitutengea chumba kizima kana kwamba tumelipa. Wasafiri wa upande wetu waliokwenda Nairobi bila jamaa nao walikuwa na pa kufikia: Garissa Lodge pale Eastleigh, nyumba ya wageni ambayo wakimbizi waliotoka Somalia miaka ya mwanzo ya 1990 walianza kuuzia bidhaa vyumbani, mpaka vyumba vikageuka maduka na mtaa ukabadilika sura. Ninapoona leo maghorofa ya biashara ya Eastleigh, huwa nakumbuka kwamba yana asili yake kwenye vitanda vya wasafiri.

Kisha ikaja miaka ambayo siipendi kuisimulia, na siwezi kuiruka. Baba macho yalipopungua alitafuta dereva, kijana wa Mwingi, Mkristo, ambaye kwa muda mrefu alitupeleka mpaka Tarbaj. Alikuwa amekula katika kila nyumba niliyoitaja. Ayeyo alimtafutia maziwa kabla ya kututafutia sisi. Tarehe 22 Novemba 2014, basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilisimamishwa na wapiganaji wa al-Shabaab, wasiokuwa Waislamu wakatengwa, na watu 28 wakauawa. Aprili 2 mwaka uliofuata wakaingia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148. Serikali ikaweka kafyu Garissa, Wajir, Mandera na Tana River, kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mpango wetu wa safari ukabadilika kwa namna ambayo haikuwahi kufikiriwa. Kijana wa Mwingi alitufikisha Garissa na kuishia hapo. Kaka yangu alishika usukani, na dereva wetu akabaki kwa eddo, akatungoja mpaka turudi. Ayeyo aliuliza mtoto wake yuko wapi. Hakuna aliyeweza kumjibu vizuri.

Desemba 21 ya mwaka huo huo wa 2015, karibu na El Wak, mbele ya kwetu kwenye barabara ile ile, abiria Waislamu wa basi jingine walikataa kutengwa na wenzao. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Januari. Nililia kwa ajili yake kama mtu wa nyumbani. Yale aliyoyafanya ndiyo niliyofundishwa kwenye mikeka ya Garissa na Habaswein: uliyesafiri naye ni amana yako.

Barabara ya leo si ile ya baba. Kutoka Garissa kupitia Nuno hadi Modogashe kuna lami, na mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za kusaidia kujenga barabara ya Isiolo, Wajir na Mandera, njia inayopita Tarbaj. Nalishukuru jambo hili kwa moyo wote. Wanawake wa kwetu wamefia njiani wakipelekwa hospitali kujifungua, na mfugaji amemuuza mbuzi kwa bei ya hasara kwa kuwa lori halikufika. Anayelilia vumbi la zamani hajawahi kulibeba tumboni. Hata hivyo njia bado ina yake: Aprili 2024 Tana ilipofurika, basi lilisombwa na maji kwenye njia ya Garissa, abiria wakaokolewa, na sisi tukarudi kwenye njia ya Isiolo kama enzi za baba.

Lakini siku ambayo maji yametulia, ukiamka mapema unaweza kutoka Nairobi na kuingia Wajir bila kulala popote. Watoto wangu waliponionyesha saa hizo kwenye simu, waliuliza kwa nini nimepanga kulala mara mbili njiani. Niliwaambia kweli: kwa sababu Habaswein kuna watu wanaojua ninyi ni nani. Tusipolala kwao miaka mitatu, watatujua kwa picha za simu. Tusipolala kwao miaka kumi, tutakuja kuonana mazishini tukiulizana majina. Najua familia ambazo zimeshafika hapo, na zilifika kwa haraka, kwa sababu tu gari lilikuwa zuri na hakuna aliyekuwa na haja ya kusimama.

Mtoto wa yule mwenye duka sasa ana loji, yenye vyumba na feni za umeme wa jua. Amenikatalia kulipa, nami nimemkatalia vyumba. Tutalala uani kwa mama yake, kama afya yake itamruhusu kutupokea. Amekubali. Kafyu na eskoti tunauliza upya kila mara, siku moja kabla, kwa watu walio njiani.

Binti yangu mkubwa ndiye anayeandika mpango wa Agosti hii. Ameweka Garissa usiku wa kwanza, Habaswein wa pili, na kurudi kwa njia ya Isiolo na Nanyuki. Kando ya kila kituo ameandika watu wa kuwaulizia. Pale Habaswein kuna majina mawili ambayo sikumtajia mimi. Aliyapata kwa kumpigia simu ayeyo wake, na ameshazungumza na mmoja wao.